Doti nyeupe kwenye picha ya rada: hii ni trola au ni jahazi? Naomba kufundishwa

MwanaNgomeni ameuliza:

Hamjambo nyote. Mimi niko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ni mvuvi na pia ndo nashika daftari la BMU yetu, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo. Shida ya ghuba ya Ungwana wengi mnaijua na si ya leo, trola za kamba, yaani meli za kuburuta nyavu kuvua kamba wa kuliwa, zinaingia karibu, wewe umetega jarife lako jioni umeliacha na maboya yake, alfajiri ukirudi unakuta boya moja linaelea peke yake na wavu umeburutwa umebaki vitambaa. Mwezi uliopita ndugu yangu amepoteza vipande sita na deni la nyuzi bado hajamaliza. Tukaenda ofisi moja kulalamika tukaambiwa leteni ushahidi, sasa usiku ule, bahari giza, simu umeifunga kwenye nailoni mbili isilowe, ushahidi utautoa wapi.

Kuna kijana wetu anasoma chuo akanionyesha kwamba ziko picha za setilaiti za rada, Sentinel-1, za bure kabisa, unaingia tovuti ya Copernicus Browser unachagua tarehe unaona bahari yote hata kama juu kumefunga mawingu. Nina wiki tatu nazo sasa, kila nikitoka baharini bando ikiwepo nafungua. Bahari inakuwa nyeusi na vyombo vinakuwa doti nyeupe. Nilianza na kitu ninachokijua, yale majukwaa ya Wataliano, San Marco na Santa Rita, yako hapo nje ya Ras Ngomeni tangu baba zetu wakiwa vijana wakiona roketi zinaruka, nikayakuta yanang'aa wazi, nikafurahi sana maana nikajua ninachoangalia ni kweli.

Shida ni doti zingine. Kuna ndogo za pikseli mbili tatu, vile vijiraba vya picha, siwezi kusema hii ni trola, hii ni jahazi la kwenda Lamu, hii ni boti ya faiba. Kuna ndefu kule nje kabisa, nadhani ni meli zinazoshuka Mombasa, lakini ya mafuta ni ipi na ya kontena ni ipi sijui. Alafu kuna moja hafifu imekaa kaskazini ya majukwaa, nimepima kwa ile rula ya kwenye skrini ni kama kilomita tano, kila picha ya jioni niliyofungua iko palepale haisogei. Mimi hapo napita karibu kila siku na hakuna kitu, si chombo, si boya, si mwamba. Hiyo imeninyima usingizi. Wenye ujuzi nisaidieni, inawezekana kujua aina ya chombo kwa picha hizi ama najichosha bure?


PimaBahari_Dar amejibu:

Mkuu hujichoshi hata kidogo, na umeanza vizuri kuliko wengi maana umeanza na kitu unachokijua kwa macho yako. Mimi nafanya kazi na picha za rada hapa Dar mwaka wa tisa sasa. Ngoja nianze na hiyo doti hafifu kwa sababu ndo ingekuletea matatizo ukiipeleka ofisini.

Hiyo sio chombo, huo ni mzuka wa majukwaa yenyewe. Setilaiti inapita juu kilomita karibu 700 kwa kasi ya kilomita saba na nusu kila sekunde, na huku inapita inatuma mapigo zaidi ya elfu moja kwa sekunde, alafu kompyuta ndo inayaunganisha mapigo yote hayo kuwa picha. Sasa kitu cha chuma kinachong'aa sana kama jukwaa, mwangwi wake kidogo unaingia kwenye rada kabla setilaiti haijafika usawa wake na mwingine baada ya kupita, na kompyuta inaukosea mahali, inauweka mbele au nyuma kwenye mstari wa njia ya setilaiti. Kwa Sentinel-1 kosa hilo ni kilomita tano hivi, yaani ndo hizohizo ulizopima kwa rula. Kwa kawaida mizuka ni miwili, wa mbele na wa nyuma. Wa kusini kwako huenda umeangukia kwenye rasi, na nchi kavu inang'aa kwa hiyo huuoni.

Usiniamini kwa maneno, fungua picha ya asubuhi ulinganishe. Jioni setilaiti inapanda kutoka kusini kwenda kaskazini ikiegemea magharibi kidogo, asubuhi inashuka kwenda kusini nayo pia ikiegemea magharibi, kwa hiyo njia hizo mbili zinakatana kama mkasi uliofunguliwa kidogo. Mzuka unafuata njia. Kama nasema kweli basi kwenye picha ya asubuhi doti yako itakuwa imehamia mashariki kama kilomita mbili na majukwaa hayajasogea hata hatua.

Sasa aina ya chombo. Sentinel-1 ikipiga pwani yetu inachukua upana wa kilomita 250 kwa mkupuo mmoja, pikseli ni mita 10, lakini pikseli isikudanganye, uwezo wake wa kweli wa kutenganisha vitu viwili vilivyo jirani ni kama mita 20. Trola ya kamba ina mita ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu. Maana yake chombo kizima kinaingia ndani ya pikseli mbili tatu, na mwangaza ukiwa mkali unamwagika pembeni, mtu akipima urefu anapata mita hamsini kumbe chombo ni nusu ya hapo. Umbo hulipati, hapo hata mtaalamu wa wapi hakuambii hii ina mlingoti huu na hii ina ule.

Unachopata ni vitu vitatu: mwangaza, mahali na saa. Mwangaza unatokana na chuma na kona. Ubavu wa meli na uso wa maji ni kona, mwale unagonga maji unagonga ubavu unarudi ulikotoka, ukuta wa chumba cha nahodha na sitaha ni kona nyingine, winchi, mikono, nguzo, vyote kona. Mbao hazirudishi hivyo, jahazi zuri la mbao la mita kumi na tano linaweza kupita chini ya setilaiti usilione, na faiba ndo kabisa, mara nyingi kinachorudisha ni injini tu. Kwa hiyo doti ndogo lakini kali sana, bahari ikiwa imetulia, ni dalili ya chuma. Nasisitiza ni dalili.

Meli kubwa ni habari nyingine. Ya mita 250 ni pikseli ishirini na tano, unapima urefu, unapima upana, unaona upande upi unang'aa zaidi. Wenye uzoefu wa meli waje waongeze hapo.


Sarahangi_Mstaafu amejibu:

Mwanangu wa Ngomeni salamu nyingi. Nimekaa melini miaka ishirini na nane, tanka, meli za shehena, na mwisho kontena, sasa nipo nyumbani Mombasa. Kijana wangu alinifungulia picha za rada zile kali, ile kampuni ya Umbra imeweka nyingine bure, unaona mpaka vitu vya nusu mita, na meli nilizitambua zote mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu rada inachora kazi ya meli. Meli imejengwa kwa mzigo wake na mzigo ndo unaoonekana.

Tanka sitaha yake ni bapa, hakuna kitu kimesimama, kwa hiyo inarusha mwale kwenda mbali na kwenye picha inakuwa nyeusi. Lakini katikati yake kuna mabomba, yanatoka tezi yanakwenda mpaka karibu na omo, na nusu ya meli kuna mabomba mengine yanakatiza kwenda ubavuni, hapo ndo tunapofunga mipira ya kupakulia mafuta, na pana kreni ndogo ya kuinyanyulia. Nimesimama pale usiku mwingi sana mvua ikinyesha nikiangalia geji. Basi kwenye picha ya rada utaona mstari mweupe katikati kama uti wa mgongo wa samaki aliyeliwa, na msalaba katikati yake, na kule tezi mng'aro mkubwa ambapo ipo nyumba ya mabaharia na chumba cha nahodha. Ukiona hivyo, hilo ni tanka.

Meli ya shehena, ile inayoleta ngano au klinka, ina vifuniko vya ngama, vile vyumba vya chini vya kuwekea mzigo. Ngama tano, saba, nyingine tisa. Kila kifuniko kina ukingo wake, kwa hiyo inatokea mistari inayokatiza, nyeupe nyeusi nyeupe nyeusi, mfano wa ngazi iliyolazwa. Kama ina kreni zake utaona nukta kali kati ya ngama na ngama. Kontena ikiwa imejaa inang'aa kote kwa sababu kila kasha ni kona, na kati ya safu na safu kuna mapengo ya giza. Ikiwa tupu mtu mwangalifu anaweza kuidhania meli ya shehena, hata mimi ilibidi nitazame mara mbili. Meli ya magari ni sanduku tu, ubavu mmoja unang'aa kama ukuta na juu kimya.

Hiyo ni kwa picha kali. Kwa hizo zako za mita 10, meli ya mita 200 au 300 utapata kivuli cha habari hii: mng'aro ukiwa mwisho mmoja tu na mwili hafifu, elekea kwenye tanka au shehena, mwili wote ukiwa mweupe elekea kwenye kontena. Na tazama wapi imekaa. Meli ya mafuta inasubiri zamu nje ya Mombasa, haiji kutia nanga Kipini.

Trola ya kamba naijua pia. Ina mikono miwili inafunguliwa kulia na kushoto, kila mkono unaburuta wavu wake. Ikiwa inavuta inakwenda mafundo mawili, matatu, yaani maili za bahari kwa saa, haizidi sana hapo, inakwenda inageuka inarudi njia ileile, mchana kutwa. Chombo kinachosafiri hakifanyi hivyo, mwenye safari yake anataka kufika. Hiyo tabia ndo uitafute, mwanangu.


Salma_Ramani amejibu:

Shikamoo Mzee Sarahangi, hayo maelezo ya tanka nimeyahifadhi, nitayatumia darasani. Kaka MwanaNgomeni mimi nafundisha ramani za kompyuta na nina mambo machache ya kuongeza, mengine ni ya kukupunguzia kazi na mengine ni ya tahadhari.

Kwanza angalia picha zote mbili, VV na VH. Kila mara Sentinel-1 ikipita pwani yetu inaleta aina mbili, VV ni wimbi limetumwa wima likapokelewa wima, VH limetumwa wima likapokelewa likiwa limelala. Bahari kwenye VV inang'aa sana ikichafuka, kipindi cha kusi kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa utaona bahari yote imekuwa kijivu na doti ndogo zinamezwa. Kwenye VH bahari inabaki nyeusi zaidi. Chombo chenye mambo mengi, nguzo, mikono, kamba za chuma, winchi, kinageuzageuza wimbi kwa hiyo kinatokea kwenye VH pia, kitu chenye umbo rahisi mara nyingi hakitokei. Kaskazi ikiwa shwari ndo wakati mzuri wa kusoma VV. Na uwe macho na mvua, tone kubwa za masika zinatokea kama mabaka meupe, na karibu na mdomo wa Tana pale Kipini maji ya mto yanapokutana na ya bahari unatokea mstari mweupe mrefu, nimeona mwanafunzi akiuhesabu kuwa msafara wa boti.

Pili, chombo kinachotembea hakiko pale unapokiona. Setilaiti inajua kitu kiko wapi kwenye njia yake kwa kusikiliza mlio wa mwangwi unavyopanda na kushuka, kama honi ya basi inavyobadilika likikupita. Sasa chombo kikiwa kinaifuata setilaiti au kinaikimbia, mlio unabadilika kwa mwendo wa chombo chenyewe na kompyuta inadhani kiko pengine. Meli yenye mafundo kumi ikielekea ubavuni mwa njia ya setilaiti inasogezwa zaidi ya mita mia tatu. Lakini mkia wa mapovu nyuma yake unabaki mahali pake pa kweli. Ndo maana utaona mkia huku na meli kule, vimeachana, watu wanadhani picha imeharibika kumbe hapo ndo kuna habari, ukipima hilo pengo unapata mwendo wa meli. Trola inayovuta kwa mafundo matatu inasogezwa kama mita mia moja tu na mkia wake ni hafifu au haupo. Kwa hiyo doti kali, ndogo, haina mkia, iko kwenye maji mafupi ya matope ambako kamba wanapatikana, na tarehe nyingine iko jirani ya hapohapo, hiyo inafanana na anayosema Mzee. Bado ni kufanana.

Tatu ni AIS. Ile redio ya kutangaza jina na mahali pa meli ni lazima kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, tangu mwisho wa 2004. Trola ndogo ya humu ndani na jahazi hazibanwi na sheria hiyo, kwa hiyo tafadhali sana, doti isiyo na AIS sio mwizi. Watafiti wa Global Fishing Watch na wenzao walichapisha kwenye jarida la Nature mwezi wa kwanza 2024, walipitia picha za 2017 mpaka 2021 za bahari za pwani duniani wakakuta vyombo vikubwa vya uvuvi kama robo tatu havionekani kwenye AIS za wazi. Na kilichonigusa mimi ni namna walivyotenganisha cha uvuvi na kisicho cha uvuvi. Hawakutegemea sura tu, kompyuta yao ilipewa na kina cha maji, umbali kutoka bandarini, joto la maji, vyombo vingapi hupita hapo. Yaani hata wao na kompyuta zao kubwa wanauliza chombo kiko mtaa gani ndo wakisie kazi yake. Wewe mtaa huo unaujua kuliko wao.

Nne, na hii ni muhimu kwa kesi yenu, Sentinel-1 inapita kwetu mawio na machweo, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili na kitu jioni. Nyavu zenu zinakatwa usiku. Kuna setilaiti nyingine, Suomi NPP na wenzake, zina jicho linaitwa VIIRS linaloona taa, linapita kama saa saba na nusu usiku, na wako watu wanatoa orodha ya taa za vyombo kila usiku. Haikuambii aina, na mawingu yanaiziba, lakini taa kali ya sitaha mahali ambapo jioni rada ilionyesha doti ya chuma, hapo umeanza kupata kitu.


MwanaNgomeni amejibu:

Wallahi nimefungua picha ya asubuhi. Imehama. Nilikaa naitazama mpaka chai ikapoa, majukwaa yako palepale na ile doti imekwenda mashariki, nimepima kilomita mbili na kidogo. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye daftari, "chombo kisichojulikana, siku tano". Nimeikata kwa kalamu nyekundu na nimewaeleza wenzangu wote wa kamati kwa nini. PimaBahari Mungu akulipe, ningesimama mbele ya watu na mzuka.

Mzee Sarahangi shikamoo, kuna usiku nimeiona hiyo mikono miwili kwa taa zake, ni kama ulivyosema.

Sasa nina swali lingine. Nikiwa na doti tano kwenye ghuba nitajuaje zipi ni zetu? Sisi tuna mashua na madau, wengine faiba. Mtu akinambia hiyo doti ni mashua yenu wenyewe nitamjibu nini?


PimaBahari_Dar amejibu:

Hilo ndo swali lenyewe mkuu na jibu unalo mkononi, ni hilo daftari. Setilaiti moja inarudi njia ileile kila siku 12, saa ileile karibu kwa dakika. Ukishajua picha moja ilipigwa lini unahesabu kumi na mbili mbele. Kwa miaka kadhaa tulikuwa nusu vipofu kwa sababu Sentinel-1B iliharibika mwezi wa 12 mwaka 2021, ikabaki A peke yake, ila 1C imeruka mwezi wa 12 mwaka 2024 na tena hiyo imebeba na kipokezi cha AIS, kwa hiyo rada na AIS vinapigwa kwa pamoja. Siku ya kupita waambie wenzako wote walio baharini, ikifika dakika ile kila mmoja aandike GPS ya simu yake. Jioni mnakaa mnatoa: hii ya fulani, hii ya fulani. Zinazobaki si zenu.

Na kama unataka kujua mashua yako inaonekana au haionekani, usibahatishe, ipime. Mwambie fundi wa mabati akukatie vipande vitatu bapa, si vya migongo, vya nusu mita kila upande, avifunge vikutane kwenye kona moja vyote vikiwa wima kwa vingine, kama kona ya chumba, kuta mbili na sakafu. Hesabu yake nimeifanya, kona ya nusu mita inarudisha mwangwi wa kutosha kushinda bahari iliyotulia. Mashua nzima ya mbao haifiki hapo. Lazima kona ziwe sawa kabisa, zikipinda inakufa nguvu. Jioni setilaiti inapita magharibi yako inatazama mashariki, kwa hiyo mdomo wa kona uelekee magharibi, upande wa bara, ukiangalia juu kidogo. Tia nanga usitembee, ili usisogezwe kwenye picha.

Neno moja zaidi na sisemi kukuvunja moyo. Mnakumbuka Tawariq 1, ile meli ya kigeni iliyokamatwa Tanzania ikidaiwa kuvua bila kibali, wale samaki wa Magufuli, 2009. Ile meli doria iliipanda, samaki wakahesabiwa, mabaharia wakashikwa, na bado kesi ilizunguka mahakamani kwa miaka. Picha yako haitafunga mtu. Itaifanya boti ya doria ijue iende wapi na siku gani, na hilo sasa hivi hamna.


MwanaNgomeni amejibu:

Nimechelewa kurudi, samahanini, tulikuwa tunasubiri tarehe.

Kona ilitengenezwa na fundi wetu wa masufuria hapa Ngomeni, alikuwa na bati la aluminiamu lililobaki kwenye mlango. Alipima pembe kwa kona ya msahafu wa marehemu babake, alisema hicho ndo kitu pekee nyumbani anachokiamini kiko sawa. Nikaifunga kwenye mlingoti kwa kamba za tanga, mdomo magharibi. Mashua nane zilikuwa nje, kila mmoja na simu yake, mimi nikatia nanga upande wa bara wa majukwaa. Saa ilipofika hakuna kilichotokea, bila shaka, huoni wala husikii kitu, lakini wote tulinyamaza na mmoja akavua kofia.

Picha imetoka nimeifungua kwenye laptopu ya kijana. VV, nipo. Doti moja safi, nimelinganisha na GPS yangu tofauti ni mita ishirini na kitu. Kwenye VH sipo, kama alivyosema Salma, umbo rahisi halitokei. Zile mashua nyingine saba za mbao na faiba hakuna hata moja inayoonekana, hata ile kubwa ya ndugu yangu yenye injini ya ndani.

Na upande wa kaskazini mashariki kuelekea Kipini kuna doti mbili. Nimekagua na picha ya asubuhi sio mizuka, hakuna kitu kikubwa kilomita tano mbele wala nyuma yake. Ziko kwenye VV na kwenye VH zote mbili. Hazina mkia. Daftari langu linasema kwetu hakuna aliyekuwa huko jioni ile, na kesho yake alfajiri watu wawili walirudi bila nyavu. Nimeandika tarehe, saa, na mahali. Mzee Sarahangi nikikutumia picha utanitazamia?


Sarahangi_Mstaafu amejibu:

Nitumie mwanangu, na nitumie pia picha ya siku kumi na mbili kabla ya hiyo, nataka kuona kama walikuwa wanaingia kwa mlango uleule.